Jaribio la Galileo la gololi na saa ya maji: kwa nini uwiano wa muda unatoka 1.9 badala ya 2?

Mteremko_Laini

Wakuu, salaam.

Naomba msaada wa watu wanaolijua jaribio la mteremko alilolieleza Galileo katika kitabu cha 1638, kile kilichochapwa Leiden. Lengo ni kulirudia kwa vifaa vya aina ile ile: ubao, gololi, maji na mizani. Hakuna kamera wala saa ya umeme.

Galileo anasema gololi ikibingirika robo tu ya urefu wa mfereji, muda wake ni nusu kamili ya muda wa mfereji mzima. Anaongeza kwamba vipimo vya safari ile ile vikirudiwa havitofautiani hata kwa sehemu ya kumi ya pigo moja la mshipa.

Vifaa ni hivi. Ubao wa mita 2.5, katikati umechongwa mfereji wenye upana wa milimita 10, umepigwa msasa na kung'arishwa. Gololi ya chuma, kipenyo milimita 25. Ubao umeinuliwa upande mmoja ili kila sentimita 240 za urefu zipande sentimita 10. Saa ya maji ni ndoo pana, kipenyo sentimita 28, ina mrija mfupi chini yake, na maji yamesimama sentimita 30 juu ya mrija. Mrija unatoa gramu 100 kwa sekunde 10. Anayeachia gololi ndiye anayeondoa kidole kwenye mrija, na anauziba akisikia gololi imegonga kizuizi. Maji yaliyoingia kikombeni yanapimwa kwa mizani inayosoma hadi gramu 0.1. Gololi inaanzia juu kila mara, kinachohamishwa ni kizuizi. Umbali unapimwa kuanzia mbele ya gololi hadi kwenye kizuizi.

Wastani wa vipimo:

sm 60: gramu 23.3
sm 120: gramu 31.9
sm 180: gramu 38.6
sm 240: gramu 44.2

Vipimo vya umbali mmoja havipishani zaidi ya nusu gramu. Lakini 44.2 kugawa kwa 23.3 ni 1.9, si 2. Tena nikichukua sekunde 4.42 kwa mita 2.4, mchapuko (kasi inavyoongezeka kila sekunde) unatoka 0.246, na nikiugawa kwa 10/240 napata 5.9 badala ya 9.8, ule mchapuko wa kitu kinachoanguka wima.

Kosa liko wapi? Na je, Galileo angewezaje kupata 2 kwa vifaa hivi?

---

KipeuoChaPili

Mkuu, vipimo vyako ni vizuri kuliko unavyodhani. Usishike uwiano wa wa kwanza na wa mwisho peke yake, vitazame vyote vinne kwa pamoja.

Kama umbali unakwenda kwa mraba wa muda, basi muda unakwenda kwa kipeuo cha pili cha umbali. Vipeuo vya 60, 120, 180 na 240 vina uwiano wa 1, 1.414, 1.732 na 2. Kwa hiyo kutoka sm 60 hadi sm 240 muda unapaswa kuongezeka kwa kiasi kile kile kilichotumika kwenye sm 60 za mwanzo. Nyongeza yako ni 44.2 kutoa 23.3, yaani gramu 20.9. Basi sm 60 zilistahili gramu 20.9, lakini kikombeni kuna 23.3. Gramu 2.4 zimeingia bila kuhusiana na mwendo wa gololi.

Sasa toa hizo 2.4 katika kila kipimo: 20.9, 29.5, 36.2, 41.8. Gawa zote kwa 20.9: unapata 1, 1.411, 1.732, 2.

Ile 2 ya mwisho haithibitishi kitu, maana ndiyo tuliyoitumia kuitafuta 2.4. Ushahidi uko kwenye vipimo viwili vya katikati. Hivyo havikuguswa katika hesabu ya marekebisho, na bado vimeangukia mahali pake, kimoja kwa tofauti ya asilimia 0.2 tu na kingine bila tofauti.

Gramu 2.4 kwa mtiririko wa gramu 10 kwa sekunde ni sekunde 0.24. Huo ndio muda wa kawaida wa mtu kusikia mlio, kuamua, na kidole kufika. Mwanzoni ucheleweshaji huo haupo, kwa sababu mkono ulioachia gololi na kidole kilichofungua maji ni vya mtu mmoja na anajua lini atafanya. Mwishoni upo. Kila kipimo kinabeba robo sekunde ya ziada, na kwenye safari fupi robo hiyo ni sehemu kubwa zaidi, ndiyo maana uwiano unashuka.

Hapa ndipo kauli ya sehemu ya kumi ya pigo inawapotosha watu. Pigo la mshipa la mtu aliyetulia ni sekunde 0.8 au 0.9, kwa hiyo sehemu yake ya kumi kwa mrija wako ni karibu gramu 0.8. Vipimo vyako havipishani zaidi ya 0.5. Umeshafikia kiwango cha Galileo. Lakini kauli ile inahusu vipimo vya safari moja kukubaliana vyenyewe kwa vyenyewe, na ucheleweshaji ulio sawa kila mara hauharibu makubaliano hayo hata kidogo. Ukirudia mara mia utabaki na 1.9 ile ile, tena ukiwa na imani kubwa zaidi. Unaonekana tu ukilinganisha umbali tofauti.

Njia ya kuuondoa ni kufanya mwanzo na mwisho vifanane. Mtu wa maji asiwe mwachiaji wa gololi. Akae amegeuka, asione ubao. Kigingi kinachoishikilia gololi kipige mlio kinapoondolewa, afungue kwa mlio huo, afunge kwa mlio wa kizuizi. Ucheleweshaji wa kufungua utafuta ule wa kufunga kwa kiasi kikubwa. Na umbali uchanganywe bila mpangilio na bila kumwambia. Akizoea safari moja ataanza kuziba kabla ya mlio, kwa sababu mwili umeshashika mwendo wa gololi. Hapo ucheleweshaji unabadilika kutoka umbali hadi umbali, na hesabu ya kutoa 2.4 haifai tena.

Kuhusu maji: gramu 44 katika ndoo ya kipenyo hicho zinashusha usawa kwa milimita 0.7 tu, na mtiririko unapungua kwa asilimia 0.1, hilo liache. Lakini ukifanya mfululizo bila kujaza, baada ya lita moja usawa umeshuka sentimita 1.6, na mtiririko umepungua karibu asilimia 2.7. Hiyo ni zaidi ya gramu moja kwenye safari ndefu. Weka alama ndani ya ndoo, rudisha maji hadi alama kila baada ya kipimo, na subiri yatulie.

---

Msumeno_na_Randa

Nakubaliana na KipeuoChaPili. Nachukua sehemu ya pili, ile 5.9.

Kwanza tumia muda uliorekebishwa: gramu 41.8 ni sekunde 4.18. Mchapuko ni mara mbili ya 2.4, ugawe kwa mraba wa 4.18, unapata 0.275. Gawa kwa 10/240 unapata 6.6. Bado ndogo, na lazima iwe ndogo, kwa sababu gololi yako haitelezi, inabingirika. Sehemu ya nishati inakwenda kuizungusha. Kwa tufe gumu linalobingirika kwenye ubao bapa, mchapuko ni 5/7 ya ule wa kitu kinachoteleza bila msuguano. Ukizidisha 6.6 kwa 7/5 unapata 9.2.

Asilimia 6 iliyobaki iko kwenye mfereji wenyewe. Gololi ya kipenyo cha mm 25 juu ya mfereji wa mm 10 haigusi chini, inakaa juu ya kingo mbili. Nusu kipenyo yake ni 12.5, lakini umbali kutoka kitovu hadi mstari unaounganisha sehemu mbili inazogusa ni kipeuo cha (12.5² − 5²), yaani mm 11.46. Inabingirika kama gurudumu dogo lenye uzito wa gololi kubwa: kwa kila sentimita ya mwendo inajizungusha zaidi, na nishati zaidi inazama kwenye kuzunguka. Badala ya 5/7, yaani 0.714, kigawo kinakuwa 0.677. Gawa 6.6 kwa 0.677: unapata 9.7. Hapo umefika.

Galileo hakuwa na kigawo hiki. Hesabu ya kuzunguka kwa miili ilikuja baada yake. Lakini kigawo ni kile kile kwa urefu wote wa ubao, kwa hiyo hakigusi sheria ya mraba. Kinaharibu tu mtu anapotaka kutoka mteremkoni kwenda kwenye kuanguka wima. Katika kitabu chake cha 1632 Galileo alitoa mfano wa kitu kuanguka dhiraa 100 kwa sekunde 5. Dhiraa 100 za Florence ni kama mita 58, na kwa kweli zinachukua sekunde 3.4 hivi. Mersenne, kule Ufaransa, aliona kwamba mfano huo haulingani na vipimo. Kipimo kizuri cha kuanguka moja kwa moja kilitoka Bologna, ambako Riccioli na wenzake waliangusha mipira kutoka mnara wa Asinelli huku wakihesabu mapigo ya pendulamu. Alikichapa mwaka 1651.

Sasa ubao. Nyosha uzi kutoka ncha hadi ncha juu ya mfereji uone kama katikati pamelegea. Milimita 3 tu za kulegea kwenye sm 240 zinabadilisha mwinamo wa kila ncha kwa 0.005, na mwinamo wako wote ni 0.042. Yaani juu ni mkali zaidi kwa asilimia 12 na chini umelala kwa kiasi hicho hicho. Kwa kuwa unaanzia juu kila mara, robo ya kwanza inakwenda haraka na uwiano unapanda juu ya 2, kama 2.03. Ona hatari yake: ucheleweshaji wa kidole unashusha uwiano, ubao uliolegea unaupandisha, na vyote viwili vikikutana, ubao ukiwa umelegea zaidi ya hapo, unaweza kupata 2 nzuri kabisa isiyo na maana yoyote. Dawa ni kupima kwa njia mbili. Mara moja anza juu na uhamishe kizuizi, mara ya pili kizuizi kikae chini na uhamishe mahali pa kuanzia. Ubao ulionyooka unatoa majibu yale yale. Egemeza ubao mahali pengi, usiuache uning'inie kwa ncha mbili. Ule wa Galileo ulikuwa na urefu wa dhiraa 12, karibu mita 7, upana nusu dhiraa na unene wa vidole vitatu, na bado bila egemeo la katikati ungelegea.

Kuachia gololi nako kuna namna yake. Vidole huisukuma au huikokota. Weka kipande cha mbao mbele yake, kisha kivute kuelekea chini ya mteremko kwa kasi kuliko gololi itakavyoondoka. Ukikiinua juu kinaisugua gololi na kuipa mzunguko kabla haijaanza safari.

Na umbali wako umeupima sawasawa, kutoka mbele ya gololi. Wapo wanaopima kutoka nyuma yake, ile sm 2.5 ya ziada ikaingia kwenye kila kipimo, na kwenye sm 60 inatosha kupandisha uwiano hadi 2.03.

Ndani ya mfereji Galileo alibandika ngozi laini ya kuandikia, iliyosuguliwa. Kazi yake ni kuziba vinyweleo vya mbao. Msasa mzuri na nta vinatosha, ila futa vumbi kila mara: punje moja ukingoni inaipotezea gololi kasi mwanzoni ambapo bado inakwenda polepole, na hasara hiyo inabaki nayo hadi mwisho.

---

Mteremko_Laini

Shukrani sana wakuu. Nimerudia hesabu kwa kutoa 2.4 na kutumia 0.677, zinakubali.

Swali la nyongeza. Kama sheria inahitaji mtu alinganishe umbali mbalimbali ili auone ucheleweshaji, je, Galileo aliigundua kwa saa ya maji kweli? Nimesikia pia habari ya nyuzi zilizofungwa juu ya ubao, na ya kengele. Lipi ni la kweli?

---

Karatasi_107

Tutenganishe mambo matatu: kitabu cha 1638, karatasi zake za kazi, na vifaa vilivyotengenezwa baadaye.

Kengele zianze, maana ndizo zinazopigwa picha sana. Ule ubao mzuri wenye kengele uliopo Museo Galileo, Florence, ni kifaa cha kufundishia cha mwanzoni mwa karne ya 19. Unaonyesha sheria yake vizuri, lakini haukuwa wake.

Sheria yenyewe ni ya zamani kuliko kitabu kwa zaidi ya miaka 30. Oktoba 1604, akiwa bado anafundisha Padua, Galileo alimwandikia rafiki yake wa Venisi, Paolo Sarpi, kwamba umbali wa kuanguka unakwenda kwa mraba wa muda. Alikuwa na sheria sahihi mkononi huku akiitafutia msingi usio sahihi, maana katika barua hiyo hiyo alidhani kasi inaongezeka kwa kadiri ya umbali uliopitwa. Kasi inaongezeka kwa kadiri ya muda, na baadaye alilisahihisha hilo. Kwangu mimi hii ni dalili nzito kwamba sheria haikuchipuka kwenye nadharia. Mtu aliyeitoa kwenye msingi ule asingeipata.

Alexandre Koyré, mwanahistoria mwenye uzito mkubwa, alilidharau jaribio la 1638. Kwake mbao, gololi na maji ya kikombe visingeweza kutoa usahihi unaodaiwa, na Galileo alifika kwa kufikiri. Mwaka 1961 Thomas Settle aliandika matokeo ya kulijenga upya kwa vifaa vya kawaida, chombo cha maji kikiwa chungu cha maua, na usahihi ulipatikana. Vipimo vyako mwenyewe vinaonyesha jambo hilo hilo. Na Galileo hakuhitaji sekunde. Alipima uzito wa maji na kulinganisha uzito kwa uzito, basi. Sekunde ni hitaji letu sisi tunaotafuta 9.8.

Lakini kwamba jaribio linawezekana si sawa na kwamba ndilo lililozaa sheria. Hapo inaingia karatasi ya 107, upande wa pili, katika hati zake namba 72 zilizohifadhiwa Maktaba Kuu ya Taifa ya Florence. Ina safu ya namba: 33, 130, 298, 526, 824, 1192, 1620, 2104. Pembeni yake kuna 1, 4, 9, 16, 25, 36, 49, 64. Zidisha 33 kwa miraba hiyo: 33, 132, 297, 528, 825, 1188, 1617, 2112. Zinakaribiana na zake bila kuwa sawa nazo. Mtu anayetunga mfano kutoka kwenye sheria angeandika 132. Aliyeandika 130 alikuwa na rula mkononi.

Mwanahistoria wa sayansi Stillman Drake ndiye aliyezileta namba hizi mbele ya watu katika miaka ya 1970. Maelezo yake: kipimo ni cha rula ndogo ambayo kila alama yake ni karibu mm 0.94, kwa hiyo 2104 ni kama mita 2. Gololi ilibingirika kwenye mteremko mdogo sana, kama digrii 1.7, na Galileo alifunga nyuzi za utumbo kuzunguka ubao kama zile za shingo ya kinanda cha nyuzi. Gololi ikipita juu ya uzi inatoa mlio mdogo. Akazisogeza nyuzi hadi milio ikawiana na mapigo ya wimbo wenye mwendo sawa, kisha akapima umbali wa kila uzi. Baba yake, Vincenzo, alikuwa mpiga vinanda na mwandishi wa nadharia ya muziki, na Galileo mwenyewe alipiga kinanda hicho.

Ukitaka kupima nguvu ya maelezo hayo, geuza tofauti za namba ziwe muda. Kwa mwinamo huo pigo moja ni sekunde 0.55 hivi. Kwenye uzi wa pili gololi inakwenda sm 23 kwa sekunde, na tofauti ya alama 2 ni sekunde 0.008. Kwenye wa mwisho inakwenda sm 91 kwa sekunde, na tofauti ya alama 8 ni sekunde 0.008 tena. Zote nane ziko chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Makosa ya umbali yanakua huku makosa ya muda yakibaki madogo vile vile mwanzo hadi mwisho, na hiyo ndiyo alama ya mtu aliyekuwa anasawazisha muda kwa sikio na kupima umbali baadaye.

Sikio halikuwa jambo geni katika elimu hiyo. Mwaka 1586 Simon Stevin wa Uholanzi alichapa jaribio alilolifanya na Jan Cornets de Groot: mipira miwili ya risasi, mmoja mzito mara kumi ya mwenzake, imeachiwa kutoka futi 30 juu ya ubao, na hukumu ilikuwa kusikia kama milio ya kugonga ni mmoja au miwili.

---

KipeuoChaPili

Nyongeza moja kwa Karatasi_107, kwa sababu ya uangalifu. Namba zipo na miraba ipo, hilo halina ubishi. Nyuzi hazimo. Karatasi haisemi neno juu ya nyuzi, wimbo, wala mwinamo. Nyuzi ni maelezo ya Drake ya namna vipimo vyenye usahihi huo vingeweza kupatikana, na mimi nayaona yana nguvu, lakini yabaki kwenye daraja lake. Kitabu cha 1638 kinataja saa ya maji tu.

Kuna faida ya wazi katika njia hiyo, iwe ndiyo yake au siyo. Kwa maji, mtu anajibu mlio uliokwisha kupigwa, na ndipo inapotoka ile robo sekunde. Kwa nyuzi hakuna anayejibu chochote. Unasikiliza tu kama milio miwili imeangukia pamoja, na katika hilo sikio ni jepesi mno. Ule ucheleweshaji uliokutesa hauna pa kuingilia.

---

Mteremko_Laini

Hapo nimeelewa. Basi nitafunga nyuzi. Kwa ubao huu huu, uzi wa unene gani, na nianzie wapi?

---

Msumeno_na_Randa

Ubao huo huo, lakini geuza upande wa pili na uchonge mfereji mwingine, upana mm 3. Sababu: kwenye mfereji wa mm 10 gololi yako inazama mm 1 chini ya kingo. Uzi ukiuvuta juu ya kingo hizo, gololi inakutana na kizingiti cha mm 1 na zaidi, hata uzi uwe mwembamba namna gani. Kwenye mfereji wa mm 3 inazama mm 0.09 tu, na kwa mwinamo mdogo unatosha kuiongoza. Faida nyingine: kigawo kinarudi 0.711, karibu sawa na 5/7.

Mwinamo: inua sm 6 kwa kila sm 200. Pigo la sekunde 0.55 linakupa nyuzi nane ndani ya mita mbili. Kwa mapigo tumia pendulamu ya sm 30 inayogonga kitu chepesi kila upande, au mtu aimbe wimbo wa mwendo wa askari, ilimradi asiutazame ubao.

Unene wa uzi ndio unaoamua kila kitu. Kwenye pigo la kwanza gololi inakwenda sm 11 tu kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, kizingiti cha mm 1 kinahitaji nishati yote iliyonayo na zaidi kidogo, kwa hiyo inasimama pale pale au inarudi nyuma. Tumia mshipi wa kuvulia wa mm 0.3. Kizingiti kinakuwa mm 0.39 pamoja na ile ya kuzama, na gololi inavuka, ingawa kinaichukulia sehemu kubwa ya nguvu. Ndiyo maana nashauri uzi wa kwanza usiufunge kabisa mwanzoni. Funga wa pili, kwenye mara nne ya umbali wa kwanza, ambako gololi ina nishati zaidi ya mara tisa ya ile inayohitajika kuvuka, kisha endelea. Uzi wa kwanza uongeze mwishoni kabisa. Ukiona nyingine zote zimechelewa kwa pamoja, uzi huo ndio unaoila kasi.

Anza kwa kukisia: sm 12.4, 27.9, 49.5, 77.4, 111.5, 151.7, 198.1. Hizo ni mara 4, 9, 16 na kuendelea za karibu sm 3.1. Usiziamini. Mlio wa kuachia gololi uangukie pigo la sifuri, kisha sikiliza uzi mmoja mmoja: mlio ukitangulia pigo, shusha uzi, ukichelewa, upandishe. Uzi wa juu unataka mkono mwepesi. Pale milimita 1 ni karibu sehemu ya mia ya sekunde kwenye uzi wa kwanza, na nusu yake kwenye wa pili, ilhali kwenye wa mwisho inabidi usogeze sentimita nzima upate tofauti hiyo. Ukikuta uzi wa chini unausogeza sm 2 na huoni badiliko, hujakosea kusikia. Nenda kaangalie tena wa pili na wa tatu, pamoja na namna kigingi kinavyotoka.

Mwisho pima nafasi kati ya uzi na uzi, si umbali kutoka juu peke yake. Kutoka 0 zinapaswa kwenda kwa uwiano wa 1, 3, 5, 7, 9, 11, 13, 15. Zikianza vizuri halafu zikawa fupi kuelekea chini, ubao umelegea katikati au nyuzi ni nene. Vitenganishe kwa kuondoa nyuzi zote ukaacha ya mwisho tu: mlio ukiwahi kuliko ulivyokuwa, ni nyuzi. Usipobadilika, chukua kabari uweke chini ya ubao.